Barua ya wazi kwa Benki Kuu na mabenki yetu: someni marejesho yetu, msiishie kwenye salari slipu

Ndugu Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania, ndugu Waziri wa Fedha, na nyie wakurugenzi wa mabenki, shikamooni.

Mimi ni mfanyabiashara wa spea za simu Kariakoo, vioo, chaji, betri, earphone, vitu kama hivyo. Naandika kuhusu kadi za mkopo, zile wengi tunaita kredit kadi, na naandika kwa heshima ila kwa uchungu pia, maana nimechoka kusikia kwenye makongamano kwamba Watanzania hawatumii hizi kadi kwa sababu hawana elimu ya fedha. Elimu inahitajika, sikatai. Lakini mtu wa kawaida hana kadi ya mkopo kwa sababu sharti la kwanza ni salari slipu, ile karatasi ya mshahara ya kila mwezi, na yeye hana salari slipu, basi, mengine yote yanafuata baada ya hapo.

Niweke sawa kitu kimoja kwanza kwa watakaosoma huku mitaani. Kadi za benki tunazo wengi tu, ile ya kutolea hela ATM na kuswaipu supamaketi, lakini ile unatumia hela yako mwenyewe, ikiisha imeisha. Kadi ya mkopo ni nyingine. Benki inakupa kikomo, tuseme laki tano, unanunua leo benki inalipa, mwisho wa mwezi inakuletea hesabu, ukilipa yote kabla ya tarehe hulipi riba hata senti, ukilipa nusu ndo riba inaanza kuhesabiwa kwenye deni. Mabenki mengi wanatoa kipindi cha bila riba kinachofika siku 45 au 50 na kitu. Hebu fikirieni hicho kipindi kwa mtu kama mimi, naagiza mzigo wa Guangzhou unakuja na ndege, nauuza, nalipa benki kabla hawajaanza kunihesabia riba. Hela ya kuzungusha bila gharama. Sasa hiyo huduma anayo nani? Anayo mwajiriwa wa ofisi kubwa ambaye kila mwezi mshahara unaingia hata asipouza kitu, na mimi ninayezungusha bidhaa kila siku ndo sinayo.

Nilienda benki, sitaitaja, kuomba hiyo kadi. Yule dada wa mikopo alikuwa mstaarabu kabisa, alinikarimu vizuri, akanitajia: salari slipu za miezi mitatu na barua ya mwajiri. Nikamwambia nimejiajiri. Akasema basi stetimenti ya benki, leseni ya biashara, TIN, uthibitisho wa kodi, barua ya serikali ya mtaa. Vyote ninavyo, nikampelekea. Akachukua faili akaingia nalo ndani kwa bosi wake, akatoka akaniambia kwa watu wa biashara inabidi niweke fedha taslimu kwenye akaunti maalumu, ifungwe, iwe kubwa kuliko kikomo cha kadi ninachoomba, na siruhusiwi kuigusa muda wote ninapokuwa na kadi. Yani nifungie hela yangu ya mzigo ili nikopeshwe pungufu ya hiyo hiyo hela, na nikichelewa kulipa nitozwe riba. Nilimshukuru nikaondoka. Ningekuwa na hela ya kukaa imefungwa mwaka mzima nisingeenda kukopa.

Najua mtanijibu kwamba benki ina hofu, na hofu yenyewe ina sababu. Kadi ya mkopo kwa kawaida haina dhamana, ukishaitumia hakuna kiwanja cha kupiga mnada. Mitaa yetu mingi haikuwa na anwani za kueleweka mpaka juzi juzi, mtu akihama chumba humpati, kesi ya deni dogo mahakamani inakula hela kuliko deni lenyewe, na wakati huo huo hatifungani za serikali zipo, yani benki inaikopesha serikali, zinalipa vizuri bila kumkimbiza mtu yeyote. Kwa hiyo meneja wa mikopo akiambiwa achague kati ya hatifungani, mwalimu anayekatwa juu kwa juu kwenye mshahara, na mimi wa Kariakoo, ataniacha mimi kila siku. Namwelewa kabisa. Ninachokataa ni kusema kwamba hamna namna ya kunijua.

Mangi wa mtaani kwetu anakopesha watu bila salari slipu. Ana daftari lake pale chini ya kaunta, anaandika jina, unga kilo mbili, mafuta nusu, sabuni, tarehe. Hajawahi kumuuliza mtu barua ya mwajiri. Anachoangalia ni kwamba mwezi uliopita ulilipa, na ulilipa tarehe ngapi, ukilipa vizuri anakuongezea, ukisumbua anakupunguzia au anafunga ukurasa wako mpaka umalizie. Hiyo ndo kadi ya mkopo kamili, kikomo, hesabu ya mwisho wa mwezi, historia ya mteja, vyote vimo mle ndani.

Na daftari la namna hiyo sasa hivi lipo la nchi nzima, tena kwenye kompyuta. Miamala ya simu tunayo tangu M-Pesa ilivyoingia Tanzania mwaka 2008. Laini zetu zote tulisajili kwa alama za vidole na namba ya NIDA, ambao hawakusajili walianza kuzimiwa Januari 2020, tulipanga foleni za kutisha kwa ajili ya hilo. Kanuni za Benki Kuu za kanzidata, yani hifadhi ya kompyuta, ya taarifa za mikopo zipo tangu 2012, na kampuni za kutunza taarifa hizo zina leseni, Creditinfo na Dun & Bradstreet. Mtu anajulikana jina lake, alama za kidole chake, anaingiza shilingi ngapi kwa wiki, anatoa ngapi, amekopa mara ngapi kwenye simu na amerejesha lini. Bado unaambiwa hujulikani.

Shida ni kwamba hizi taarifa zinasomwa upande mmoja. Ukichelewa kulipa, jina linaonekana mara moja na benki ya tatu ambayo hujawahi hata kuingia mlangoni inakukatalia. Ukilipa vizuri miaka yote, zawadi yako ni meseji ya kukwambia sasa unaweza kukopa zaidi, kwa bei ile ile ghali na kwa siku zile zile chache. Hujawahi kuona meseji inayosema kwa sababu umelipa vizuri tunakushushia gharama, au nenda tawi lolote ukachukue kadi, kikomo chako ni hiki. Huyo mtu anabaki kwenye mkopo wa simu mpaka anazeeka.

Na mkopo wa simu ni ghali, tusidanganyane. Chukueni mfano wa jirani zetu Kenya, M-Shwari, huduma yao ya mikopo ya kwenye simu, ilianza Novemba 2012 na ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Mtu akisikia saba na nusu anaona ndogo, lakini akikopa hivyo kila mwezi mwaka mzima ni asilimia 90. Kadi ya mkopo hata ikitoza asilimia 3 kwa mwezi ni 36 kwa mwaka, na kama unalipa yote kwa wakati ni sifuri. Kwa hiyo mwenye mshahara mnono anakopa kwa sifuri mpaka 36, na mama ntilie anakopa kwa 90, na wote wawili wanalipa. Sijaona mtu akinieleza haki ya hiyo hesabu nikaelewa.

Na hapo sijagusa kausha damu, ile mikopo ya riba ya kuumiza. Nyie Benki Kuu mliliona, mliweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa watoa huduma ndogo za fedha wasiopokea amana, Agosti 2024 mkatoa mwongozo wa wakopeshaji wa kidijitali, na Novemba 2024 mkatangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni. Kwa hilo mlifanya vizuri na nawashukuru kutoka moyoni. Kuna dada anauza vitafunwa karibu na duka langu, alikopa elfu hamsini kwenye programu mojawapo ya hizo, akapokea pungufu kwa sababu walikata chao mbele, siku ya saba akaanza kupigiwa, siku ya nane wakawatumia meseji watu waliomo kwenye simu yake, mpaka mchungaji wake, mpaka mama mkwe, picha yake imeandikwa mwizi. Elfu hamsini. Alilia pale dukani kwangu mbele ya wateja. Na huyu dada analipa kikoba kila Jumamosi bila kukosa, analipa mchezo wa kila siku, wenzake wanamwamini na hela zao zote, ni mweka hazina wao. Kama kungekuwa na mtu wa kusoma marejesho yake asingeenda kule. Mkizifungia zile programu bila kufungua sehemu nyingine, watu watarudi kwa mkopeshaji wa mtaani anayeshika kadi ya ATM na namba ya siri, maana shida ya hela haifungiwi kwa tangazo.

Tena kwa wanawake jambo hili ni zito zaidi. Hati ya kiwanja iko kwa jina la mume au la baba mkwe, leseni ya biashara wakati mwingine hivyo hivyo, ajira rasmi wachache. Lakini marejesho ya vikoba nani anaongoza? Kila mtu anajua. Kipimo cha hati na salari slipu kinawaacha nje watu ambao kwa kulipa madeni ndo wa kutegemewa zaidi.

FinScope ya 2023, ule utafiti wa matumizi ya huduma za fedha nchini, ilionyesha asilimia 76 ya watu wazima wanatumia huduma rasmi za fedha, kutoka 65 mwaka 2017. Nafurahi. Ila kilichobeba hiyo namba ni simu, benki wenyewe ni kama asilimia 22 tu. Maana yake wananchi walishaingia kwenye mfumo, benki ndo haijawafuata kule walipo.

Sasa naomba niongee upande wa matumizi, kwa sababu hata wenye kadi hawazitumii sana na hapa mimi naongea kama muuzaji. Niliwahi kuwa na mashine ya kuswaipu. Chukua chaji ya elfu kumi na tano, faida yangu labda elfu moja na mia tano, nikikatwa asilimia 2.5 ya mauzo hiyo ni 375, robo ya faida imeondoka kwenye bidhaa moja. Hela yenyewe inaingia kesho yake au baada ya wikiendi, na mwenye mzigo anataka chake leo jioni. Mtandao ukigoma mteja amesimama, foleni nyuma yake, anaswaipu mara mbili anaogopa amekatwa mara mbili, mnaanza kubishana. Ndo maana ukienda maduka mengi unaambiwa ukilipa kwa kadi bei inapanda. Wengine, na nasema wazi kwa sababu kila mtu anajua, wanaogopa kumbukumbu za mashine kwa ajili ya kodi, na migomo ya Kariakoo ya Mei 2023 na Juni 2024 ilionyesha hilo suala la kodi halijakaa vizuri kati ya wafanyabiashara na serikali. Mkitaka tupokee kadi kwa moyo mweupe hilo nalo lizungumzwe, msijifanye halipo.

Lakini lipa namba tunayo, kila mtu anayo, mpaka muuza mahindi ya kuchoma kabandika karatasi yake kwenye mwavuli. Sasa kwanini mkopo lazima upitie plastiki na mashine? India mwaka 2022 benki kuu yao iliruhusu kadi za mkopo za RuPay, mtandao wao wa kadi, ziunganishwe na UPI, mfumo wao wa kulipa kwa simu, yani mtu anaskani ile ile karatasi ya QR ya muuza chai ila hela inatoka kwenye kikomo chake cha mkopo. Sisi tuna TIPS, mfumo wa malipo ya papo hapo, mmeujenga wenyewe Benki Kuu, unaunganisha mabenki na mitandao ya simu. Nawaomba mruhusu kikomo cha mkopo cha benki kilipe moja kwa moja kwenye lipa namba, na makato ya muuzaji mdogo yawe madogo au yasiwepo kabisa kwenye miamala midogo. Hapo ndo mtaona matumizi.

Kuna na ishu ya manunuzi ya nje. Kijana anataka kulipia tangazo la biashara yake, mwanafunzi anataka kulipia ada ya mtihani au ya maombi ya chuo nje, mtu anataka kukata tiketi ya ndege, utamsikia anazunguka anauliza nani ana kadi anilipie nimrushie kwenye simu. Anampa mtu mwingine hela na taarifa zake zote. Kadi za mtandaoni za kwenye simu zimesaidia, nakubali, lakini hizo ni za kuweka hela kwanza, na hoteli au kampuni ya kukodisha gari nje ikitaka kushikilia kiasi cha dhamana mara nyingi inataka kadi ya mkopo. Kijana anakwama hapo wakati hela ya kulipa anayo.

Naogopa kitu kimoja, na ningekuwa sijasema ukweli kama ningekiacha. Mkisikia kilio changu mkaanza kugawa kadi kama vipeperushi mtatuua. Korea Kusini baada ya msukosuko wa uchumi wa 1997 serikali ilisukuma sana matumizi ya kadi, watu wakapewa nafuu ya kodi kuanzia 1999 kwa kuswaipu, mpaka bahati nasibu ya risiti za kadi ikawepo. Kampuni zikagawa kadi kwa kila mtu. Kufika 2003 zaidi ya watu milioni 3 walikuwa wameshindwa kulipa madeni yao na LG Card, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ikabidi iokolewe na wadai wake. Brazil riba ya deni la kadi linalobebwa mwezi hadi mwezi ilipita asilimia 400 kwa mwaka, mpaka ikaja sheria ya 2023 na kuanzia Januari 2024 riba na makato ya deni jipya hayaruhusiwi kuzidi deni lenyewe la mwanzo. Kenya wana kifungu 44A kwenye sheria yao ya benki kinachofanana na hicho kwa mikopo iliyoshindikana kulipwa. Hata upande wa taarifa za wakopaji, Kenya walifika mahali watu wanaandikwa wadaiwa sugu kwa vihela vidogo kabisa, Aprili 2020 benki kuu yao ikasema deni la chini ya shilingi elfu moja ya Kenya lisipelekwe, na ikawaondoa wakopeshaji wa mitandaoni wasiosimamiwa kwenye utaratibu wa kupeleka majina. Somo wamelilipia wenzetu, sisi tulichukue bure.

Hatari kubwa iko kwenye ile sehemu ya hesabu ya mwezi imeandikwa kiasi cha chini cha kulipa. Kuna mteja wangu mwalimu, kadi anayo maana mshahara wake unapita benki, alinionyesha karatasi yake, analipa kile kiasi cha chini kila mwezi na anajiona yuko vizuri kabisa kwa sababu hakuna anayempigia. Nikakaa naye na kikokotoleo. Tuseme unadaiwa milioni moja, riba asilimia 3 kwa mwezi, kiasi cha chini asilimia 5, na hununui tena kitu chochote. Mwezi wa kwanza unalipa elfu hamsini, elfu thelathini ni riba, deni limepungua elfu ishirini tu. Ukienda hivyo mwaka mzima utakuwa umelipa kama laki tano na elfu thelathini na nane, na bado unadaiwa kama laki saba na themanini na tano. Mwalimu alirudia kuhesabu mwenyewe kwa kalamu nyuma ya risiti yangu, akapata hivyo hivyo, akanyamaza. Mwalimu wa hesabu huyo, wa sekondari. Kwa hiyo tusiseme watu hawana elimu, ile karatasi haijaandikwa ili mtu aelewe.

Alafu alikuwa anatolea hela ATM kwa kadi ya mkopo, kwa sababu sokoni na kwenye daladala hawaswaipu. Hakuna aliyemwambia kwamba ukitoa taslimu kile kipindi cha bila riba hakihusiki, ada inakatwa pale pale na riba inaanza siku hiyo hiyo. Iliandikwa, ndiyo, ukurasa wa ndani, Kiingereza, maandishi kama chawa. Kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zipo tangu 2019, na tangu 2021 sheria imefanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Sasa mkataba ambao mtu akishtakiwa atajibu kwa Kiswahili, kwanini anausaini kwa Kiingereza? Naomba ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida, herufi kubwa, uwe wa mbele kabisa: riba kwa mwezi na kwa mwaka, ada ya mwaka, faini ya kuchelewa, gharama ya kutoa taslimu, gharama ya kununua kwa dola, na ukilipa kiasi cha chini tu deni hili litaisha baada ya miezi mingapi na utakuwa umelipa shilingi ngapi jumla. Hesabu hiyo kompyuta ya benki inaifanya kwa sekunde. Na Afrika Kusini sheria yao ya mikopo ya 2005 inamlazimisha mkopeshaji apime kwanza kama mkopaji ana uwezo wa kulipa, asipopima mkataba wenyewe unaweza kuhojiwa mahakamani. Na sisi tuwe na kitu chenye meno namna hiyo kwenye kadi.

Lipo pia suala la riba kwa Waislamu na hili sio dogo, nenda Zanzibar, nenda Tanga, nenda Kigoma, hata hapa Kariakoo majirani zangu wengi wana uwezo mkubwa wa fedha kunizidi na kadi hawataki kuisikia, sio kwa woga ila kwa imani. Mabenki ya Kiislamu na madirisha ya Kiislamu ndani ya mabenki ya kawaida tunayo, Amana Bank ipo tangu 2011 na wengine wamefuata. Malaysia na nchi za Ghuba wana kadi zinazoenda kwa ada maalumu ya huduma badala ya riba. Watu wetu wanaofanya biashara na Dubai na Muscat wanaziona huko na wanauliza kwanini nyumbani ni ngumu kuzipata. Masheikh wa bodi za sharia wapo, waiteni mkae nao, mtoke na kadi ambayo mtu anaweza kuibeba na kwenda nayo msikitini bila wasiwasi.

Basi nisiwachoshe zaidi. Ninachoomba Benki Kuu mtoe maelekezo kwamba marejesho mazuri ya mikopo ya simu, ya saccos na ya vikundi vilivyosajiliwa yaingie kwenye taarifa za mkopaji kwa uzito ule ule wa marejesho mabaya, kwa ridhaa ya mwenyewe na kwa kufuata sheria yetu ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, maana baada ya yale ya programu za mikopo watu wanaogopa, na wana haki ya kuogopa. Naomba kila benki inayotoa kadi za mkopo iwe na daraja la chini la kuanzia, kikomo laki moja au laki mbili, bila kufungia mtu hela, kinachopanda kadri mtu anavyolipa na kinachoshuka akisuasua. Laki moja benki haitafilisika nayo, na baada ya mwaka mtakuwa na historia ya mtu huyo ambayo hakuna salari slipu ingewapa. Na mkimkatalia mtu, mwandikieni sababu, aijue, aende akarekebishe, kuliko kumrudisha na lile jibu la maombi yako hayajakidhi vigezo.

Mabenki, nyie hamhitaji kusubiri kanuni kwa hilo la daraja la chini, mnaweza kuanza na tawi moja la hapa Kariakoo. Leteni vijana wenu wa mikopo wakae dukani kwangu wiki moja, waone mzigo unavyoingia na kutoka, nitawaonyesha daftari la mauzo, stetimenti za laini zangu zote na marejesho yangu, na nitawapeleka kwa yule dada wa vitafunwa awaonyeshe kitabu cha kikoba chake. Asubuhi tunafungua saa mbili, ila Jumatatu msije, ni siku ya kushusha mzigo hakuna pa kukaa.

Nasubiri majibu yenu.

Mfanyabiashara wa spea za simu,
Kariakoo, Dar es Salaam